Unataka kuhamia mirolesi? Fungua kwanza folda ya picha ulizotupa

Haipiti wiki mtu hajaniuliza "kaka niuze kamera yangu ya DSLR nichukue mirolesi?" na mimi huwa namrudishia swali, picha gani zimekushinda na hiyo uliyonayo? Wengi wananyamaza. Wachache wanasema ukweli wao, kwamba walimkuta mpiga picha mwenzao ukumbini ana kamera ndogo imetulia mkononi, wageni wanaishangaa, basi roho ikauma. Siwalaumu, hata mimi iliniuma, ila roho kuuma haitoshi kukutoa mamilioni, kwahiyo twende kwa utaratibu, nikuonyeshe nilivyofanya na pale nilipoingia mkenge.

Kwa asiyejua, DSLR ina kioo ndani kinachopandisha mwanga juu ili uone kwenye kitundu cha kuchungulia, ukibonyeza kioo kinanyanyuka (ule mlio wa "klap" ndo huo) mwanga unaingia kwenye sensa, kile kinachonasa picha. Mirolesi haina kioo, mwanga unaenda kwenye sensa moja kwa moja muda wote na kwenye kitundu unaangalia kaskrini kadogo. Karibu mazuri yote na mabaya yote ya hizi kamera yanatokea hapo. Ubora wa picha haupo kwenye hilo. Nikon D750 ya 2014 ina megapikseli 24, Nikon Z6 ya 2018 nayo 24, piga zote mbili na flashi ukumbini, tengeneza albamu, mpe mama wa bibi harusi, hatakwambia hii ilipigwa na ipi.

Sasa kazi yako ya kwanza. Chukua kazi tatu za mwisho ulizopiga, sio zile picha ulizompa mteja, zile ulizofuta au ulizoziruka wakati wa kuchagua. Kaa nazo saa moja. Chukua daftari andika kila moja imeharibika kwa nini: fokasi imekosa, mwanga umekosewa, mtu amecheza picha ikafifia, hukuwa sehemu sahihi, flashi haikuwaka. Nilipofanya hivi mimi, kwenye sendoff moja niliona kitu ambacho nilikuwa nakihisi tu. Bibi harusi anaingia ukumbini anacheza kuja kwangu, nimefungua lenzi f/2 (tundu limefunguka sana, kinachokaa safi ni sehemu nyembamba tu), picha kumi na kitu za mfululizo, na kwenye nyingi kilichokaa safi ni shanga za shingoni au shada la maua, macho yamelainika kama nimempiga kupitia chandarua. Kwenye skrini ya nyuma ya kamera zilionekana poa kabisa! Kwenye kompyuta ndo aibu.

Hilo tatizo mirolesi inalitibu kweli. D750 ina pointi 51 za fokasi lakini zimebanana katikati ya fremu, ukitaka uso ukae juu pembeni unafokasi katikati halafu unasogeza kamera, na kwa f/2 ule msogeo tu umeshakutoa. Kwenye mirolesi pointi zimetawanyika karibu fremu nzima, kamera inatafuta jicho yenyewe na kulifuata mtu akitembea. Pia fokasi inasomwa kwenye sensa hiyohiyo inayopiga picha, kwahiyo ule ugonjwa wa DSLR wa lenzi kufokasi nyuma kidogo au mbele kidogo ya ulipolenga, ambao ilibidi urekebishe kwenye menyu lenzi moja moja, unausahau.

Kingine inachotibu ni kelele. Ukiwa kanisani padre yuko kwenye viapo kimya kimetanda na wewe unapiga "klap klap klap", unajua macho ya wazee wa kanisa yanavyokuangalia. Mirolesi inapiga bila mlio hata mmoja. Na video, hapo hakuna ubishi, kama wateja wako wanataka picha na vipande vya video mtu mmoja afanye vyote, hama, maana kuchukua video na DSLR nyingi ukiwa umeshika mkononi huku fokasi inatafutatafuta ni mateso.

Ila angalia na upande wa pili wa daftari. Kama picha nyingi zimefifia kwa sababu watu wanacheza na shata yako (muda wa kunasa picha) ilikuwa 1/60 ya sekunde, kamera mpya haikusaidii. Ile tekniki ya sensa kutulizwa ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mjomba anayeserebuka. Kama tatizo ni mwanga mbaya, sura zina kivuli cha macho, rangi ya kijani ya taa za ukumbi, hela yako iende kwenye flashi ya pili na stendi. Kama ulichelewa kufika sehemu sahihi, aisee hapo sina bodi ya kukushauri.

Daftari likisema hama, bado usiende Kariakoo. Mwaga lenzi zako zote kitandani. Hapa ndo nilipokosea. Nilikuwa nimeshasoma kwamba Nikon wana adapta inaitwa FTZ, unaweka lenzi za DSLR kwenye Z, mirolesi zao, zinafanya kazi, nikanunua kwa mtu bodi na adapta, nikafika nyumbani nimechangamka, nikafunga 85mm f/1.8D yangu, lenzi niliyoipenda kuliko zote. Nikabonyeza. Kimya. Picha inapiga, mwanga unasoma vizuri, fokasi haisogei hata milimita. Zile lenzi za D hazina mota ndani, zinazungushwa na kile kiskrubu kilichopo kwenye bodi ya DSLR, na FTZ haina hicho kitu. Zenye maandishi AF-S zinaenda bila shida, za AF-D unazungusha kwa mkono kama enzi za filamu. Ilikuwa Alhamisi usiku na Jumamosi nina harusi. Nilikwenda na D750 hiyohiyo.

Watu wa Canon nyie mna raha zaidi, lenzi zote za EF (za DSLR zenu) tangu zianze 1987 zina mota ndani yake, na adapta yao haina lenzi yoyote ndani ni bomba tupu lenye nyaya za mawasiliano tu, kwahiyo 70-200 yako ya EF kwenye mirolesi ya R6 inafokasi vizuri, wengine wanasema hata kuliko kwenye DSLR. Nafasi ya adapta inapatikana kwa sababu kioo kikitolewa lenzi inaweza kukaa karibu zaidi na sensa, EF inakaa milimita 44 na RF, za mirolesi, ni 20 tu, hizo 24 zinazobaki ndo adapta. Ila lenzi za EF-S (za DSLR zenye sensa ndogo) ukiziweka kwenye R ya fremu nzima, yenye sensa kubwa, kamera inakata picha katikati unabaki na megapikseli chache, zihesabu kama hazipo. Anayetaka kutoka Canon kwenda Sony kwa adapta, jaribu kwanza na lenzi zako mwenyewe mkononi, zipo zinazoenda poa na zipo zinazojivuta.

Baada ya lenzi hesabu vile vitu ambavyo muuzaji hakutajii. Betri kwanza. D750 kwa vipimo vya kiwandani inapiga picha 1230 kwa betri moja, mirolesi ya Canon EOS R 370, maana kile kaskrini na sensa vinakula umeme muda wote hata ukiwa umesimama tu unasubiri keki. Kwa kazi unapata zaidi ya hapo ukipiga mfululizo, ila harusi ya kuanzia saluni mpaka ukumbini usiende na betri chini ya nne. Wenye betri za LP-E6 za 5D au 6D mnaweza kuzitumia kwenye EOS R na R6, lakini RP na R8 zinatumia LP-E17 ndogo, unaanza upya. Kisha memori kadi. EOS R ina sehemu ya kadi moja, Z6 ya kwanza nayo moja na tena ya aina ya XQD, sio SD ya kawaida, kadi ghali na dukani huikuti kirahisi, na mimi harusi ya mtu siipigi kwenye kadi moja, nalala vibaya. Z6 II, R6 na Sony A7 III zina mbili.

Halafu kuna hii ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, ambayo imewaliza wengi kimyakimya. Kama kwenye laptop yako bado una Lightroom 6 ile ya kununua mara moja, iliachwa kuboreshwa mwishoni mwa 2017, RAW (faili ghafi za picha) za kamera zilizotoka baada ya hapo haizifungui. Utapiga kazi nzima urudi nyumbani ukutane na maandishi kwamba faili halitambuliki. Dawa ipo ya bure, programu ya Adobe ya kubadilisha RAW kuwa DNG, aina ya faili ambayo Lightroom hiyo inaifungua, ila inaongeza muda na nafasi kwenye diski. Ijaribu kabla ya kazi.

Jumla yote hiyo, bodi, adapta, betri, kadi, lenzi angalau moja ya mfumo mpya, utaona bodi peke yake ilikuwa kama nauli ya kwenda tu. Ukiona hiyo jumla inagusa hela ya kodi ya nyumba, acha kwanza.

Kama bado unaitaka, nenda kakodi moja wikendi nzima, uende nayo kwenye kazi kama kamera ya pili huku DSLR yako iko shingoni. Na chagua ukumbi mbaya, wenye taa za LED za kubadilikabadilika rangi. Ukiweka ule upigaji usio na mlio chini ya taa hizo utaona mistari myeusi inapita kwenye picha, kwa sababu sensa inasomwa mstari kwa mstari huku taa inapepesa. Sio kamera mbovu. Rudi kwenye shata ya kawaida, na taa za umeme wetu wa 50Hz zikisumbua shusha mpaka 1/100 au 1/50. Jambo la pili litakalokushtua, ukiweka flashi na kuset f/8 na 1/200 kwenye kitundu utaona giza tupu, kwa sababu kamera inakuonyesha picha itakavyotoka bila flashi. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuzima hiyo, itafute nyumbani, usiitafute maharusi wameshasimama mbele yako. Na ukibadilisha lenzi kumbuka hakuna kioo cha kukinga, kwenye nyingi vumbi linakaa kwenye sensa laivu, kwahiyo geuza kamera iangalie chini na usifanyie nje ya ukumbi kwenye parking ya mchanga.

Kwa maoni yangu, anayepiga passport, picha za studio na familia zimekaa, abaki na DSLR bila presha yoyote. Ni kweli Canon na Nikon DSLR zao kubwa kabisa za mwisho zilitoka 2020, 1D X Mark III na D6, nguvu zote sasa ziko kwenye mirolesi, lakini hiyo maana yake mtaani kuna lenzi za EF za Canon na F za Nikon za mtumba kwa bei ambayo zamani ungeota tu. Mwenye hela kidogo anayeanza leo na 5D Mark III na 50mm anafanya kazi na analipwa. Anayeanza na hela ya kutosha ndo simshauri aingie DSLR, angeingilia wapi na wenzake wanatoka.

Na usiuze ya zamani mpaka umefanya angalau kazi mbili na mpya. Wakati wa kuuza toa shata kaunti (idadi ya picha ilizopiga) mwenyewe kabla hujaulizwa, D750 shata yake ilipimwa kwa mara 150,000, ukiwa na 60,000 unaringa, ukiwa na 190,000 shusha bei usimdanganye mtu. Yangu sikuiuza, ipo kwenye begi kama akiba. Ile 85 ya D nilimuuzia dogo mmoja mwenye D7100, ina kiskrubu chake, Jumapili alinitumia picha za mtoto wake macho yote mawili yamekaa.