Nyumba imepanda bei au pesa imeshuka? Namna ya kupiga hesabu

Nyumba iliyouzwa miaka 40 iliyopita ikiuzwa leo kwa bei mara kumi, haina maana kwamba mwenyewe ametajirika mara kumi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni pesa yenyewe kupungua nguvu. Ili kuzitenganisha, unahitaji kikokotoo na namba chache za kila mwaka unaoulinganisha: bei ya nyumba, fahirisi ya bei za mlaji (namba inayoonyesha bei za bidhaa na huduma za kawaida zimepanda kiasi gani) inayotolewa na ofisi ya takwimu ya nchi husika, kipato cha kaya, na riba ya mikopo ya nyumba. Ukipata na ukubwa wa nyumba, usiuache.

Anza na bei. Chukua bei ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya nyumba ziliuzwa chini yake na nusu juu yake. Wastani wa kawaida huvutwa juu na majumba machache ya kifahari. Usichanganye pia bei ya nyumba mpya ya mwaka mmoja na bei ya nyumba zote ya mwaka mwingine. Na kama nchi iliwahi kufuta sifuri kwenye sarafu yake (Ufaransa mwaka 1960 ilifanya faranga 100 za zamani kuwa 1 mpya, Ghana ilifuta sifuri nne mwaka 2007), hakikisha namba zote mbili ziko kwenye sarafu moja. Kosa hili likipita, hesabu yote inayofuata ni takataka.

Sasa ondoa mfumuko wa bei. Kanuni ni hii:

bei ya zamani × (fahirisi ya leo ÷ fahirisi ya mwaka ule)

Tuchukue Marekani, kwa kuwa takwimu zake ni ndefu na ziko wazi. Mwaka 1973 bei ya katikati ya nyumba mpya ilikuwa dola 32,500, na mwaka 2000 ilikuwa 169,000. Fahirisi ilikuwa 44.4 mwaka 1973 na 172.2 mwaka 2000. Gawanya 172.2 kwa 44.4, unapata 3.88. Zidisha kwa 32,500: kama dola 126,000. Hiyo ndiyo bei ya 1973 ikisemwa kwa dola za mwaka 2000. Gawanya 169,000 kwa 126,000, jibu ni 1.34. Kwa hiyo bei iliyoonekana kupanda mara 5.2 ilipanda kihalisi kwa asilimia 34 tu katika miaka 27, karibu asilimia 1.1 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanatoa badala ya kugawanya. Bei ilipanda asilimia 420, mfumuko ulikuwa asilimia 288, basi wanasema ongezeko halisi ni asilimia 132. Si kweli. Mfumuko hujizidisha mwaka juu ya mwaka, kwa hiyo lazima ugawanye. Kutoa kunakaribia ukweli kwa mwaka mmoja wenye mfumuko mdogo, lakini kwa miongo kadhaa kunapotosha vibaya.

Hesabu bado haijaisha, kwa sababu nyumba ya 1973 si nyumba ya 2000. Nyumba mpya ya katikati nchini humo ilikuwa na futi za mraba 1,525 mwaka 1973, na 2,057 mwaka 2000. Hilo ni ongezeko la asilimia 35. Ukigawanya 1.34 ya bei halisi kwa 1.35 ya ukubwa, unakuta kila futi ya mraba ilibaki karibu palepale! Ichukulie kama hesabu ya kukadiria, maana bei inatoka kwa nyumba zilizouzwa na ukubwa kwa nyumba zilizokamilika, tena kiwanja kimo ndani ya bei. Lakini ni onyo tosha: kabla ya kulalamika kwamba nyumba zimepanda, uliza kwanza kama watu wananunua kitu kilekile. Njia safi zaidi ni fahirisi inayofuata nyumba ileile kila inapouzwa tena, ingawa hata hiyo haioni jiko lililokarabatiwa au chumba kilichoongezwa.

Mnunuzi wa mkopo halipi bei, analipa rejesho la kila mwezi. Kanuni yake:

rejesho = mkopo × r ÷ (1 − (1 + r)^−n)

Hapo r ni riba ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, na n ni idadi ya miezi. Mkopo wa dola 100,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 18.63, kilele cha Marekani cha Oktoba 1981, ulidai takriban dola 1,559 kwa mwezi. Kwa asilimia 2.65, kiwango cha chini kabisa cha Januari 2021, mkopo uleule ulidai 403. Karibu mara nne, na bei ya nyumba hatujaigusa. Ndiyo maana kulinganisha bei kwa kipato peke yake hakutoshi. Riba ikishuka, rejesho hupungua, wanunuzi wanajitutumua, bei inapanda, na anayeumia ni yule asiye na malipo ya awali, maana hayo hukokotolewa kutoka kwenye bei.

Gawanya rejesho kwa kipato cha mwezi. Asilimia 30 ndiyo mpaka unaotajwa sana, ila usiufanye msahafu: katika nyumba za umma za Marekani kiwango kilikuwa asilimia 25 hadi kilipopandishwa kuwa 30 mwaka 1981. Kumbuka pia kwamba rejesho la riba isiyobadilika huliwa na mfumuko. Gawanya 72 kwa asilimia ya mfumuko, unapata miaka ambayo pesa hupoteza nusu ya nguvu yake. Kwa asilimia 6, baada ya miaka 12 uzito wa rejesho umebaki nusu, mradi kipato kinafuata bei. Kodi ya pango haina huruma hiyo.

Ichunguze pia fahirisi ya bei yenyewe. Marekani iliingiza bei za nyumba na riba ya mikopo ndani ya fahirisi yake hadi mwisho wa 1982, kisha kuanzia Januari 1983 ikaweka makadirio ya pango ambalo mwenye nyumba angelipa. Fahirisi ya pamoja ya Ulaya haihesabu gharama za anayeishi kwenye nyumba yake. Kwa hiyo usilinganishe nchi mbili kabla ya kusoma kilichomo. Ukitaka kujua kama makazi yamepanda kuliko vitu vingine, tumia fahirisi isiyo na makazi. La sivyo unapima kitu kwa kipimo ambacho chenyewe kimo ndani yake.

Kwa pango, tenganisha wapangaji wapya na wa zamani. Takwimu rasmi huchanganya wote, na mikataba ya zamani hupanda polepole, hivyo bei anayokutana nayo anayetafuta chumba leo huonekana kwenye fahirisi miezi mingi baadaye.