Skrini ya Kuingilia Isipotokea Kwenye Kompyuta Iliyosakinishwa Upya

Kompyuta nyingi za kazi zinazotumika katika ofisi za Mombasa ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikashushwa Kilindini, kisha zikafutwa na kuwekewa mfumo endeshi wa Linux kabla ya kufikishwa kwa wakala wa forodha au mchoraji wa ramani za majengo. Usakinishaji humalizika salama, lakini mashine ikiwashwa upya kioo hubaki cheusi, na pengine kistari kidogo kinamemeta kwenye pembe ya juu kushoto, bila ya mahali pa kuandika jina wala neno la siri. Fundi mwenye haraka husakinisha tena tangu mwanzo. Mimi sikubaliani kabisa na njia hiyo, kwa sababu mara nyingi hurudisha kosa lile lile na kufuta kumbukumbu ambazo zingemwonyesha kosa lilipo. Maelezo yafuatayo yanahusu aina mbili za Linux: Debian 12 na matoleo ya karibuni ya Ubuntu.

Hatua ya kwanza: kagua kebo. Ligeuze kasha utazame nyuma. Ikiwa mashine ina kadi ya picha ya pekee, utaona matundu ya monita mahali pawili: ya juu, jirani na matundu ya USB, ni ya bodi kuu, na ya chini ni ya kadi. Kebo ichomekwe kwenye kadi. Zitazame pia pini zake, kwani hewa ya chumvi ya pwani huziotesha kutu ya kijani upesi kuliko watu wanavyodhani. Kama kuna monita mbili, bakisha moja tu, kwa maana skrini ya kuingilia huweza kutokea kwenye ile iliyozimwa.

Hatua ya pili: bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiombwa jina kwa maandishi, tulia; mfumo umewaka, diski inasomeka, na kilichokosekana ni ile programu inayochora skrini ya kuingilia. Ingia kwa jina na neno la siri ulilolichagua wakati wa kusakinisha. Kwenye Debian, ikiwa uliweka neno la siri la msimamizi mkuu, amri ya sudo, inayokupa mamlaka ya msimamizi, haitakukubali. Tumia su - kwanza, kisha andika amri zinazofuata bila sudo. Ikiwa hata maandishi hayatokei, nenda moja kwa moja hatua ya tano.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote. Andika:

systemctl status display-manager

Ukijibiwa kwamba huduma hiyo haipatikani, basi mazingira ya dawati, yaani madirisha na menyu za kubofya, hayakusakinishwa, jambo linalotokea pale kisanduku chake kinapoachwa bila alama katika orodha ya programu. Yasakinishe kwa sudo apt install task-gnome-desktop kwenye Debian, au ubuntu-desktop kwenye Ubuntu. Ukijibiwa kwamba huduma ipo lakini haikuanzishwa, andika systemctl get-default. Jibu likiwa multi-user.target, yaani hali ya maandishi tu, rekebisha kwa sudo systemctl set-default graphical.target kisha uwashe upya. Usitosheke na jibu la graphical.target peke yake, kwani Debian hulitoa hata kwenye mashine isiyo na dawati lolote. Na ukijibiwa kwamba huduma ilijaribu ikashindwa, soma journalctl -b -p err, mstari kwa mstari, tangu juu, kwa kuwa makosa ya chini aghalabu ni matokeo ya lile la mwanzo.

Hatua ya nne huihusu mashine iliyokatikiwa na umeme wakati vifurushi vya programu vinapangwa. Endesha sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt -f install, ili vilivyoachwa nusu vikamilishwe. Hakikisha pia kwa df -h kwamba hakuna sehemu ya diski iliyojaa.

Hatua ya tano ni ya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha. Washa upya huku ukigonga Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine za zamani, hadi menyu ya GRUB, programu inayoanzisha Linux, itokee. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Skrini ya kuingilia ikijitokeza, hata kama ni kubwa na yenye ukungu, umethibitisha kwamba tatizo ni draiva. Badiliko hilo hudumu kwa mwasho huo mmoja tu, nawe usilifanye la kudumu, maana litamnyima mchoraji nguvu ya kadi aliyoilipia.

Kwa kadi ya AMD kwenye Debian, sakinisha firmware-amd-graphics. Kwa kadi ya NVIDIA kwenye Ubuntu, tumia sudo ubuntu-drivers install, kisha uangalie mokutil --sb-state: ikionyesha kwamba Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye sahihi ya kidijitali tu wakati wa kuwasha, imewezeshwa, moduli ya draiva isiyo na sahihi itakataliwa kimya kimya. Sajili ufunguo wake kwenye ule ukurasa wa buluu unaotokea mara tu baada ya kuwasha upya, ambao watu wengi huupita bila kuusoma, au zima Secure Boot kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya awali ya mashine. Kisha izime mashine kabisa, uchomoe waya wa umeme kwa dakika moja, na uiwashe ikiwa baridi kabla ya kumkabidhi mwenyewe.