Kujua Fisi wa Nairobi Amekula Nini, Masika na Kiangazi

Fisi madoadoa wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hali chakula kimoja mwaka mzima. Alichokula hujulikana kwa nywele za windo zinazobaki kwenye kinyesi chake. Masika, Machi hadi Mei, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kupitia kusini, upande ambao haujazungushiwa uzio, wakatawanyika kwenye tambarare za Athi na Kapiti. Kiangazi hurudi kufuata maji ya kudumu. Ukikusanya kinyesi cha kiangazi peke yake, umepata lishe ya kiangazi, si lishe ya fisi.

Vibali kwanza, cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na cha utafiti, na uingie na askari wa mbuga. Tafuta vyoo vyao, maana fisi wa kundi moja hujisaidia mahali pamoja. Kinyesi kipya huwa na ukijani. Kikikauka hugeuka cheupe kama chokaa kwa kalsiamu ya mifupa. Kilichokwisha pasukapasuka kiache, hujui ni cha msimu gani. Chukua nusu tu, kwa kuwa choo ni alama ya mipaka yao. Tia kwenye bahasha ya kaki; plastiki hufungia unyevu, na ukungu huharibu nywele. Andika hapohapo tarehe, mahali na makazi: tambarare, msitu wa magharibi au bonde la Mbagathi.

Vaa glavu na barakoa, kwani kinyesi hiki huweza kuwa na mayai ya tegu yanayomwingia binadamu. Kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 80 saa 24, kiloweke usiku kucha kwa maji ya sabuni, kisha kioshe juu ya chekeche la matundu ya milimita 1. Tandaza nywele kwenye sinia yenye miraba, chota 20 kutoka miraba tofauti. Ukiokota zinazovutia jicho, utazidisha zilizo ndefu.

Sasa chapa ya magamba, yaani alama ya vigamba vidogo vilivyo juu ya unywele, ambavyo husaidia kumtambua mnyama. Paka rangi ya kucha inayopitisha mwanga kwenye kioo cha hadubini, tabaka jembamba, laza unywele ingali inanata, ngoja ikauke, ung'oe. Ukipaka nene unywele huzama na kukatika. Ukichelewa chapa haishiki. Tazama kwa hadubini inayokuza mara 400, ukilinganisha na nywele za wanyama unaowajua, za mgongoni, tumboni na mkiani, maana mnyama mmoja ana nywele za aina nyingi. Weka pia za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nywele za fisi mwenyewe usizihesabu, humeza akijilamba.

Lenga sampuli 59 kwa kila msimu. Kwa idadi hiyo, windo lililomo katika asilimia 5 ya vinyesi lina nafasi ya asilimia 95 ya kuonekana walau mara moja. Vinyesi vya siku moja kwenye choo kimoja huenda vimetoka mzoga mmoja, basi vihesabu kama sampuli moja. Wanyama wadogo wana nywele nyingi kwa kilo ya nyama, hivyo huonekana wengi kuliko walivyoliwa.

Unywele wa ng'ombe ndio unaoponza watu. Hausemi aliuawa wapi, kwa kuwa fisi hutembea mbali kabla ya kujisaidia, wala hausemi nani aliua, kwa kuwa fisi hula mizoga pia. Andika "alikula". Anayetaka kujua muuaji aende kwenye mzoga ungali mpya, achune ngozi shingoni na mapajani: damu iliyovilia kuzunguka alama za meno huonyesha kwamba mnyama aling'atwa akiwa hai.