Ukienda kuripoti maandamano Nairobi, panga kurudi kwanza

Hii ni ya wale mnaanza kazi, hasa nyinyi makorespondenti mnaolipwa kwa stori na hamna ofisi ya kuwalilia. Kabla utoke nyumbani lazima kuwe na mtu mmoja, mhariri ama hata dadako, anayejua uko wapi na mnaongea saa ngapi, na ukikosa kushika simu mara mbili anajua ni wakili gani wa kupigia. Namba ya huyo wakili iandike kwa mkono na biro, manake simu ndio kitu cha kwanza kuchukuliwa. Hiyo simu nayo toa mambo ya kufungua kwa kidole ama uso, weka namba ya siri ndefu.

Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari beba, jaketi la presi vaa, lakini usijidanganye eti ni ngao. Julai 2024 pale Nakuru mwenzetu alipigwa risasi ya paja na jaketi alikuwa nalo.

Sasa kitu inaokoa watu wengi ni mahali unasimama. Usikae katikati ya polisi na vijana hata kama picha ni tamu aje, kaa pembeni, kwa kona, mahali unaweza kutokea njia mbili, na ukiona wenye maduka ya Moi Avenue wanashusha mageti wote kwa pamoja ujue fujo imebaki kidogo tu ianze. Tembeeni wawili, mwenye kamera haoni kando, kwa hivyo mwingine kazi yake ni kumchungia mgongo na kumvuta shati ikibidi (mimi nimevutwa mara kadhaa, nikakasirika, halafu nikashukuru).

Tiagesi, ile gesi ya machozi: angalia upepo kwanza, lenzi za macho acha nyumbani, mafuta mazito usijipake usoni. Ikikupata usisugue, toka kwa hewa safi, osha na maji mengi. Ile stori ya kujipaka dawa ya meno usoni eti inazuia gesi, achana nayo.

Ukishikwa usipigane. Taja jina lako kwa sauti, sema wewe ni mwandishi wa habari, uliza unapelekwa stesheni gani ili walio karibu wasikie. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uambiwe sababu, uongee na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa hizo saa zikiishia wakati korti imefungwa unangoja siku inayofuata ya korti, ndio maana kushikwa Ijumaa jioni ni balaa.

Ukiumia, hospitali kwanza, piga picha za majeraha, halafu enda polisi uchukue OB namba (namba ya ripoti yako kwa kitabu chao cha matukio) na fomu ya P3 (ile daktari anajaza kuhusu majeraha), usingoje wiki iishe. Ripoti pia kwa Baraza na kwa chama cha wanahabari, KUJ.

Na kabla urushe zile klipu, funika sura za vijana, usiku kuna mtu anaweza kufuatwa hadi kwao kwa sababu ya video yako.