Kutoa Video, Sauti na Picha Ndani ya Faili la Slaidi

Afisa ugani wa Mbale ametumiwa slaidi za mafunzo ya kahawa, MB 180, na kinachowafaa wakulima wake ni video moja tu ya kupogoa. Asihangaike kurekodi skrini, maana ubora utapotea bure ilhali video yenyewe imo humo ndani.

Faili la pptx, aina iliyokuja na Office 2007, ni zipu (furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja) yenye jina jingine. Tengeneza nakala, kisha kwenye jina la nakala futa .pptx uandike .zip. Windows ikionya kwamba faili huenda lisifanye kazi, kubali. Wengi hukwama hapa: Windows huficha herufi hizo za mwisho, kwa hiyo unapata mafunzo.zip.pptx na hakuna kilichobadilika. Kwenye File Explorer nenda View, Show, utie alama kwenye File name extensions, kisha ubadilishe jina upya. Bofya kulia zipu hiyo, chagua Extract All, ingia folda ya ppt, halafu media. Kwenye Android, programu ya ZArchiver hufungua pptx kama zipu. Kwenye Linux andika unzip mafunzo.pptx -d mafunzo, basi.

Utakuta image1.png, media1.mp4 na kadhalika. Namba hizo si namba za slaidi. Ukitaka kujua slaidi fulani inatumia nini, fungua ppt/slides/_rels/slide7.xml.rels kwa Notepad utafute neno media. Video hutajwa mara mbili, usishtuke. Ukikuta TargetMode="External" na njia ya diski ya mtu, video haikuwekwa ndani, iliunganishwa tu. Hapo hakuna ujanja, mwombe mwenye slaidi. Video za YouTube nazo hubaki viungo tu.

Zipu ikigoma kufunguka, huenda faili lina nywila: lifungue kwa PowerPoint, iondoe kwenye File, Info, Protect Presentation, uhifadhi upya. Au ni .ppt ya zamani, ambayo si zipu kabisa. Ihifadhi kwanza kama pptx, hata LibreOffice Impress inatosha. Faili la odp, aina ya slaidi za LibreOffice, ni zipu pia, ila tafuta folda za Pictures na Media.

Picha iliyokatwa kwenye slaidi kwa kawaida hutoka nzima, pamoja na sehemu iliyofichwa. Aliyekata picha ya kitambulisho cha mtu akidhani namba imefutika, ajue bado imo, isipokuwa kama alibana picha na kufuta sehemu zilizokatwa. Picha za EMF (michoro ya Windows) zifungue kwa Inkscape uzitoe kama PNG. Majedwali ya Excel yaliyopachikwa yamo kwenye folda ya ppt/embeddings.

WhatsApp itaibana video ukiituma kama video, na kwa bando la mkulima hilo ni jema. Ya kuonyeshwa kwenye projekta itume kama Document.