Kubadilisha injini ya Corolla ya zamani kwa pesa ya mawazo

Wiki haipiti bila mtu kuingia gereji kwetu Unga Limited, Arusha, na swali lilelile: "Fundi, injini ya 5A ni shilingi ngapi?" Nami namrudishia swali: gari linaumwa nini? Wengi hawana jibu. Wameambiwa tu kwamba injini imekufa.

Nitasimulia kwa Corolla AE100 na Carina Ti, maana ndizo ninazozishika zaidi. Injini zake ni za ukoo mmoja: 5A-FE ya lita 1.5, 4A-FE ya lita 1.6 na 7A-FE ya lita 1.8.

Hatua ya 1: Thibitisha kifo

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu ukiwasha, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Hizo zinabadilishwa injini ikiwa palepale ndani ya gari. Moshi unaokufuata njia nzima kila ukikanyaga mafuta, hapo shuku ringi za pistoni.

Usikisie, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini. Silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimeisha. Kikigoma, tatizo liko juu: valvu au gasketi ya silinda hedi, na pengine huhitaji injini nyingine kabisa.

Kuna jambo mafundi wengi wa huku hawalikumbuki. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Injini inayosoma baa 13 Dar es Salaam itasoma kama 11 hapa, ikiwa nzima vilevile. Kwa hiyo mimi naangalia zaidi tofauti ya silinda na silinda. Ikizidi baa 1, nasimama nitafute sababu.

Hatua ya 2: Chagua injini inayokaa

Vijana wanataka 1NZ, injini ya Toyota ya kizazi cha baadaye, kwenye AE100 kwa kuwa wamesikia haili mafuta. Ni injini nzuri, sibishi. Lakini maunting zake ni nyingine, giaboksi nyingine, waya nyingine, hata ekzosi yake inatokea nyuma wakati ya 5A inatokea mbele. Kila "nyingine" hapo ni siku ya mchomeleaji au ya fundi umeme, na siku hiyo unailipia wewe.

Mwenye pesa ya mawazo arudishe 5A, au apande 4A. Anayepanda Marangu kila wiki na mzigo afikirie 7A. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo lita 1.8 ya Arusha inavuta karibu sawa na lita 1.5 ya Tanga. Ila bloku ya 7A ni ndefu kidogo kwenda juu, na mkanda wake wa taimingi si ule wa 4A. Usikubali kuuziwa "zinaingiliana tu".

Angalia pia giaboksi. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina flaiwili, lile gurudumu zito linalobeba klachi. Kama gari lako ni la manyuo (gia za mkono), flaiwili ya kwako utaihamisha, kwa hiyo usikubali iondoke na injini kuukuu.

Hatua ya 3: Andika bajeti kuanzia chini

Hapa ndipo magari yanapolala gereji miezi mitatu. Mtu ana milioni mbili, anaona injini ya milioni moja na laki nane, anafurahi kwamba laki mbili imebaki. Haijabaki. Kanuni yangu: injini isile zaidi ya nusu ya pesa uliyonayo.

Andika vitu vidogo kwanza: sili ya krenki (shafti kuu ya injini) ya mbele na ya nyuma, mkanda wa taimingi na beringi yake, wota pampu, thamostati, mipira ya maji, plagi, filta, oili, kuleni ya rejeta, gasketi ya ekzosi, maunting, klachi pleti, usafiri. Jumlisha. Kinachobaki ndiyo bei ya injini unayoimudu. Na usiiruke sili ya nyuma kwa sababu ni ndogo. Ikianza kuvuja baadaye, giaboksi inashuka tena, na ufundi unalipa upya.

Hatua ya 4: Nunua kwa macho na mkono

Ukiweza, nenda mwenyewe, iwe hapa mjini au Ilala kule Dar. Zungusha krenki kwa spana: izunguke taratibu bila kukwama. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, maji yaliingia, ondoka. Chungulia matundu ya maji: kutu nzito inamaanisha iliendeshwa na maji ya bomba tupu.

Dai na waya zake zote pamoja na kontroboksi, kompyuta ya injini. Hili nililipia mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimwagizia mzee mmoja wa Himo injini kwa simu. Ikafika kwa lori, safi kabisa, waya zimekatwa kiganja kimoja kutoka kwenye injini. Siku nne tuliunganisha waya mmoja mmoja, na sikuwa na uso wa kumdai mzee wa watu.

Hatua ya 5: Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba haifanani tena, na siku ya kuuza gari mnunuzi makini ataiona. Dai risiti yenye namba ya injini, ipige picha namba yenyewe kwenye bloku kabla haijaingia mahali isipoonekana, kisha pita TRA uulize utaratibu wa kubadilisha taarifa. Risiti hiyo pia ndiyo kinga yako kama injini iliibwa mahali.

Hatua ya 6: Siku ya kazi

Toa betri kwanza. Piga picha kila upande, bandika tepu ya karatasi kwenye kila soketi na uandike. Bolti zikae kwenye makopo ya Blue Band, kopo moja kwa kila sehemu. Injini na giaboksi vinazidi kilo mia, kwa hiyo cheni bloku ifungwe kwenye chuma cha maana. Mwembe wa jirani uache utoe maembe.

Hatua ya 7: Kuwasha

Chomoa soketi za injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe na kuwasha. Iache ipate moto, feni iwake yenyewe, toa hewa kwenye maji. Safari ya kwanza iishie Usa River na kurudi, bila kukimbiza. Oili ibadilishwe baada ya kilomita 1,000.

Injini kuukuu usiikimbize kwa wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Vua alternata, stata, distribyuta na injekta. Kuna mwenye Carina Sakina au Pasua anavitafuta leo, na pesa yake inaweza kulipa klachi pleti yako.