SOMO: Kupima UVIKO-19 kwa kijiti cha puani, na kwa nini "hasi" yako inaweza kuwa ya uongo

Nianze na kosa ninaloliona sana maabara. Watu wanauamini mno mstari wa C, ule wa kuhakiki kipimo cha haraka. Ule unaonyesha tu kwamba maji yamepita kwenye kipimo. Chovya kijiti ambacho hakijagusa pua ya mtu, C itatokea vilevile, na wewe utasoma "hasi".

Hatua ya 1: Hesabu siku tangu dalili zianze. Mapitio ya tafiti ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikuta vipimo vya haraka vinanasa wagonjwa wenye dalili kama 78 kati ya 100 katika wiki ya kwanza. Wiki ya pili ni 51 tu.

Hatua ya 2: Kagua kipimo. Vingi vinatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 30. Kilichoshinda ndani ya gari juani, Dar, mwezi wa pili? Tupa.

Hatua ya 3: Chukua kamasi. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ukijipima, ingiza kijiti sentimita 2 hivi, kibane kwenye ukuta wa pua, zungusha taratibu mara 5, halafu tundu la pili kwa kijiti hichohicho. Kile kirefu mwachie aliyefunzwa: kinapita sambamba na kaakaa kuelekea usawa wa sikio, hakielekezwi juu machoni. Mtu akikunja uso, mpimaji anamwonea huruma, anachomoa kijiti kikiwa kimegusa vinyweleo tu. Huruma ya namna hiyo inazaa majibu ya uongo.

Hatua ya 4: Koroga kwenye kimiminika, minya mrija, dondosha matone kama karatasi inavyosema, tazama saa. T, mstari unaoonyesha virusi, hata ikiwa hafifu, ikitokea ndani ya muda ni chanya. Iliyotokea baada ya muda kupita haihesabiwi.

MASWALI

– Shikamoo daktari. Nimepima mara moja, hasi, ila homa haishuki.
Marahaba, ila mimi ni mtu wa maabara tu. Rudia baada ya saa 48. Na kwa homa, mwanangu, usikae unasubiri kijiti: nenda ukapime na malaria.

– Kaka, na influenza je?
Vile vya haraka vya zamani ni dhaifu zaidi, vinanasa kama 62 kati ya 100. Chanya yake iamini, hasi usiitegemee.

– Kazini tunapimwa wote na hatuumwi. Kuna chanya ya uongo?
Ipo. Chukua watu 1,000 wasio na dalili, 5 wana virusi. Kipimo kitawanasa kama 3, na kitawasingizia wazima kama 4. Mwenye chanya hapo apelekwe PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi.

– Nimepona wiki ya tatu sasa, PCR bado chanya!
PCR inanasa hata mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa, dada. Kama huna dalili wala kinga yako haina shida, huenda ni mabaki hayo.